Toleo la Thelathini na Sita

Kila Jumatano ya mwisho wa mwezi, mjini Duluth,
Halvor hufungua boksi kwa kisu cha kuparia samaki,
nami niko pale, theluji ikiyeyuka viatuni,
dola nne na nusu zikitota jasho kiganjani.
Hanisalimu. Husema tu, "Kafa mwingine,"
au, "Mwezi huu, mlango,"
kisha hufumba mdomo kama mtu aliyekula kiapo.

Mwaka wa tatu huu naifuata Shule ya Kestrel Hill,
tangu basi lilipowashusha watoto sita
waliozaliwa siku moja, na dereva hakuwa na uso.
Au wino ulimwishia mchoraji.
Kwa hilo mimi na binamu yangu Renny
tulinuniana hadi Pasaka.

Renny ana daftari.
Humo mna kila saa iliyochorwa ukutani
(zote, saa nne kasoro dakika saba),
kila ufunguo, kila mtoto aliyeitwa ofisini
asirudi, kitanda chake kikatandikwa
kabla ya chakula cha jioni.
Yeye hushikilia kwamba matroni alikufa zamani.
Mimi nasema shule yenyewe ndiyo iliyo hai:
inakula taratibu, inajifuta mdomo, inapiga kengele.

Tulihesabu madirisha. Nje kumi na tisa, ndani kumi na nane.
Tulisoma toleo la kumi na mbili mbele ya kioo cha bafuni
maana Renny aliapa maandishi ya ubaoni yamegeuzwa.
Kweli yalikuwa yamegeuzwa.
Yalisema: Maliza mboga zako.
Mahali fulani, mtu mwenye kalamu alikuwa akitucheka.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Na kata ilikuwa imekaa jikoni kwetu miaka yote,
ikikata kuponi za sabuni na maharage ya kopo.

Niliacha toleo la thelathini na sita mezani, wazi,
kurasa mbili za bweni usiku:
vitanda thelathini, juu ya kila kitanda namba,
na mtoto mmoja kasimama dirishani.
Bibi Philomene akavaa miwani.
Chai ikapoa. Jokofu likanguruma, likanyamaza.
"Vitanda vilikaribiana kuliko hivi," akasema.
Halafu: "Na ile sabuni. Sabuni ile haichoreki."
Halafu: "Mimi nilikuwa kumi na nne."

Nikadhani ni umri.
"Umri wangu ulikuwa sita," akasema.

Sikuwa na swali. Mimi, niliyekuwa na maswali
ya kila ufa katika dari ya Kestrel Hill.

Akagusa yule mtoto wa dirishani kwa ukucha.
"Huyu atatoka?"
"Hatujui, Bibi. Hadi Jumatano."
Akacheka kidogo, puani.
"Sisi tulikuwa tukiambiwa Juni."

Renny alipokuja jioni, aliliomba daftari lake.
Akalipitia kama anayekagua hesabu za duka,
akafika ukurasa wa Waliopotea,
akachukua penseli yake ileile ya kuponi.
Rosalie, aliandika.
Chini yake jina jingine, la Kiojibwe,
alilolitamka mara tatu, polepole,
kabla mkono haujakubali herufi.

"Hao hawamo kwenye katuni," Renny akasema.
"Najua."

Nilimngoja afute. Renny hufuta;
aliwahi kufuta nadharia yangu ya kisima
hadi karatasi ikatoboka.
Safari hii alivuta kiti, akaketi karibu naye,
akapiga mstari kwa rula chini ya yale majina mawili.
Safu ya Toleo akaiacha tupu.
Safu ya Saa ikamshinda kuiacha.
"Ilikuwa saa ngapi, Bibi?"

Bibi akatazama dirisha la jikoni, barafu juu ya ziwa,
taa za daraja zikiwaka moja baada ya nyingine.
"Kabla ya kengele," akasema.
"Andika hivyo hivyo."