Mawe ya Isingiro

Saa tisa mchana mbingu ya Isingiro iligeuka
rangi ya damu iliyovilia.
Kobusingye alikuwa akihesabu mikungu yake,
mimi nikinoa panga, kibarua wa siku mbili,
ndipo upepo ukakatika ghafla
na mbuzi wakaacha kula.

Jiwe la kwanza lilipiga ndoo. Ngo!
Tukacheka.
La pili lilikuwa kubwa kama yai la kanga,
na baada ya hapo hakuna aliyehesabu.

Migomba haikuanguka mara moja.
Kwanza majani yalichanwa nyuzi nyuzi,
kisha shina moja likapiga magoti,
kisha shamba zima, mstari kwa mstari,
pamoja na mkopo wa ushirika
na karo ya Ainembabazi.

Halafu maji. Yalishuka mlimani bila hodi,
mekundu, yamebeba godoro, kuku, mlango wa choo,
na turubai langu kutoka kambini Nakivale,
lile lenye nambari ya familia.
Niliona nambari ikipita. Sikuifuata.

Jioni mawe yalikuwa bado yamelala mitaroni,
meupe kama chumvi ya Katwe.
Watoto waliyanyonya.
Kobusingye aliokota moja, akalifumbata
mpaka likaisha lote kiganjani.
"Maji," akasema. "Kumbe ni maji tu."

Kisha akaniuliza nitalala wapi,
na kabla sijajibu
akaanza kumtoa mbuzi jikoni.

Panga nililikuta chini ya majani,
kali vile vile.