Penseli ya Wilfred Thoresby

Baridi ile duka lake lilipofungwa,
Wilfred Thoresby, mchora mabango wa Louth,
alinunua kamusi kuukuu na penseli nyekundu,
akamwambia mkewe: "Nawatoa wageni."

Alianza na Wafaransa. Hao walikuwa rahisi,
wamejazana mezani kama jamaa wa bwana harusi.
Ng'ombe akiwa zizini ana jina la Kiingereza,
akishaingia sahanini anaitwa kwa Kifaransa,
kwa kuwa aliyemchunga siye aliyemla.
Wilfred akafuta nyama, akafuta na mchuzi.
Akafuta haki, hakimu na jela,
akacheka peke yake:
"Tuone sasa watamfunga nani."

Muriel alikuwa akimenya viazi.
"Hivyo navyo ni vya ng'ambo," akamwambia.
"Basi utakula maganda."

Chai, ya pwani ya Uchina, ilifutwa ikitoa moshi kikombeni.
Sukari ilikwisha kutia nanga kwa Waajemi, kwa Waarabu,
kwa kila mwenye jino bovu hadi kufika Louth.
Ikafutwa, vijiko viwili vikiwa tayari tumboni.
Pajama, vazi la miguu kutoka Bara Hindi,
alizifuta. Hakuzivua.

Nami niandikaye haya, meza yangu ni ya Mreno,
karatasi ya Mwarabu, dirisha la Mwajemi.
Sina jiwe la kumrushia.

Februari akawafikia Wadenmaki,
na hapo penseli ikaanza kusita.
Hawa hawakuja na adabu za mezani.
Walikuja na makasia na mashoka,
kisha wakachoka kupigana, wakaoa,
wakaazimana kamba na mbegu na wakwe.
Yai ni lao. Kisu ni chao.
Mbingu, kwao, ilikuwa wingu tu.
Dirisha waliliita jicho la upepo.
Hata "wao", neno la kuwanyooshea watu kidole,
ni la hao hao.

Akafuta, akafuta. Usiku akalifunga jalada
akakutana na jina lake, kaliandika mwenyewe,
kwa herufi nzuri zenye kivuli, kama za duka la nyama:
Thoresby.
Silabi ya mwisho ni kijiji,
kwa lugha ya wale wa mashoka.
Alikaa nalo kitambo.
Hakujifuta.

Kesho yake ilikuwa zamu ya mume.
Mwenye nyumba, ndivyo walivyomaanisha Wadenmaki.
Akapiga mstari.
Muriel, miwani puani, alikuwa amesimama nyuma yake.
"Na mimi nikuiteje?"
"Wilfred."
"Miaka arobaini na mmoja
nimekuita Wilfred nikiwa nimekasirika."

Akatafuta kifutio droo hadi droo.
Nyekundu haitoki yote; huacha rangi ya shavu
lililopigwa na upepo.

Kamusi hiyo anayo binti yao, Hilda.
Aliikuta chini ya kitanda, kati ya brashi ngumu na soksi,
wiki alipomzika wa pili.
Karibu kila mstari umesuguliwa,
kurasa zimekonda kama ngozi ya kitunguu:
sukari imerudi, hakimu karudi, viazi vyote.
Yai peke yake limebaki na alama yake.
Hilda anasema baba hakupenda mayai.

Na pembeni, kwenye herufi D,
mwandiko ule wa mabango, umetetemeka kidogo:
"Kifo ni chetu, tangu zamani. Kufa tumekopa."
Chini yake, kwa wino wa buluu,
mkono wa Muriel:
"Basi tusiharakishe kulipa."