Mihuri ya Elegu

Nilifika mahakamani Tororo na pasipoti yangu,
nikaifungua mbele ya hakimu kama mtu afunguaye kidonda:
tazama, mheshimiwa, mhuri wa Elegu, nimetoka mwezi wa pili;
mwingine huu, nimerudi wa sita, mwishoni.
Katikati nilikuwa Juba na lori la saruji,
nalala chini ya trela.
Awino kazaliwa mwezi wa kwanza.
Hesabu mwenyewe.

Njiti, walisema. Kilo moja na nusu.
Njiti wa nani? nikauliza, na karani akaandika hata hilo.

Nyaketcho hakuhesabu kitu.
Alikaa benchi la pili, mkoba mapajani,
ananukia sabuni ileile ya mche.
Wakili wake alitaka matunzo: laki tatu kila mwezi,
karo, dawa, viatu.
Wangu alitaka damu.

Kumbe siku hizi si damu hata.
Kijiti cha pamba, shavu la kushoto, shavu la kulia.
Awino akacheka, akadhani ni peremende.

Wiki sita nilikula ugali wa wimbi kwa dada yangu
bila kuonja.
Shemeji akanikumbusha, kitanda hakizai haramu.
Nikamjibu, kitanda hakilipi karo.

Bahasha ikaja kutoka Kampala:
tisini na tisa, nukta, tisa tena, tisa,
zimefuatana kama magurudumu ya trela.
Ni wangu.
Nilitaka kufurahi, aibu ikanitangulia mlangoni.

Ukumbini, kabla hatujaitwa tena,
Nyaketcho hakunitukana.
Alifunga zipu ya mkoba, taratibu, akasema:
“Na Obbo? Mbona yeye hukuomba apimwe?”

Obbo.
Miaka kumi na mmoja, mbishi, anatafuna kola za shati.
Obbo mwenye kidevu changu, kila mtu husema,
hata mama yangu, ambaye hasemi ovyo.
Mwaka ule sikuwa na pasipoti.
Nilikuwa nyumbani kila usiku,
au karibu kila usiku.

Nikamtazama usoni nipate mkuki au mzaha.
Nikaona mwanamke aliyechoka.

Hakimu akasoma amri: watoto wawili,
tarehe tano ya kila mwezi, bila kukosa.
Kuna pingamizi?
Wakili wangu akanigeukia, kalamu hewani.

Hakuna, nikasema.
Kalamu ya karani ilikuwa inakwama;
ikabidi niandike jina langu mara mbili.