Hodi Darasani

Wadi imeshuka, njia ya Al-Khoudh haipitiki;
shule leo imeegemea birika la kahawa.

Abla Raya anaita majina kwa Kiarabu.
Mundhir ni mraba mweusi.
Azzan yupo, paji la uso tu.

"Arubaini na mbili, toa kumi na saba?"
Kimya. Paka wa mtu analia.

Kutoka jikoni, kupita kelele za vitumbua:
"Ishirini na tano! Mnangoja nini?"

Maikrofoni yangu iko wazi.
Darasa zima kicheko.
Abla ameganda, na si mtandao.
"Hodi hapo. Mwenye jibu nani?"
Kiswahili!
Mwaka mzima hatukujua.

Bibi anafuta mikono,
anajitanda upya, ingawa kamera haimwoni.
"Zuwena," anasema. "Nipo."