Euro Nne na Senti Tisini

Nimekula chumvi nyingi, na chumvi nayo imenila.
Miaka thelathini na mmoja pale Gafanha
nikigeuza chewa juani, ubavu kwa ubavu,
kitambaa kimenizunguka kichwa hadi puani,
macho tu nje, kama ya mwizi.
Jua likanipata papo hapo nilipoacha tundu:
pembeni mwa macho limechora matawi,
mashavuni limeacha wekundu
unaowaka hata nikichekeshwa.

Ngozi yangu ina kisirani.
Sabuni ya lavenda, inavimba.
Maji ya moto, inang'aka.
Upepo wa Machi haujapiga hodi, yenyewe imeshafungua mlango.

Sikuutaka ujana. Ningeuweka wapi?
Ila daktari wa Aveiro alipanga tarehe
ya kumtoa Abílio mtoto wa jicho,
na miaka sita mume wangu hajaniona
ila kama ukungu uliovaa aproni.
Katika miaka hiyo nimeshuka:
kidevu, kope, kila kiwezacho kushuka.
Anamkumbuka mwanamke wa miaka hamsini na nane.
Atakayemkuta ni nani?

Mpwa wangu Lucília akanitumia kutoka Lyon
kichupa kisichozidi kidole gumba,
bei yake petroli ya mwezi mzima.
Tindikali ya matunda, aliandika, inachubua uzee.
Ikachubua kweli. Uzee ukabaki,
kilichoondoka ni ngozi.
Siku tatu nilijifungia ndani kama mwali,
kitambaa cha maji baridi usoni,
nikimwambia Abílio nina mafua.

Kwenye duka la dawa, Graciete hakucheka.
Alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga
kama nilivyowageuza samaki.
"Tusiongeze," alisema. "Tupunguze."
Akaweka mezani tyubu nyeupe, haina ua wala manukato,
shayiri na glisirini,
euro nne na senti tisini.
"Kwanza nyuma ya sikio, usiku mara tatu.
Pakinyamaza, paka usoni,
uso ukiwa bado na umande.
Asubuhi, krimu ya kukinga jua, hata mawingu yakiwa mazito.
Na ile kofia yako ya zamani usiitupe."
"Na makunyanzi?"
"Yatalegea kidogo. Hayatahama."

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.
Hawakuwahi kusimama kwenye foleni ya Graciete.

Sikio likanyamaza.
Wiki ya pili shavu likaacha kulalamika.
Wiki ya tano nilicheka, tena kwa sauti, nisiungue.
Michirizi ipo, nimeihesabu,
ila imelainika kama shuka
iliyofuliwa mara nyingi.

Asubuhi ya kuondoa bandeji nilivaa blauzi ya kijani.
Abílio alitazama kwanza dari, akasema ina ufa.
Akatazama birika.
Akatazama mikono yake,
akashangaa imekuwa ya baba yake.
Kisha mimi.
Nikasimama wima kama napigwa picha ya pasipoti.
Alikaa kimya mpaka birika likaanza kulia.
Akanikaribia, akitanguliza pua,
mazoea ya miaka sita hayafi kwa siku moja:
"Unanukia uji," akasema,
akaniomba nisogee dirishani.

Nikasogea.
Kofia niliiacha kitini.