Nyasi za Upande Mmoja

Doreen, wewe hukuwahi kuniuliza hali.
Ulizisoma bukta zangu.

Kila Jumapili, Workington ikiwa bado imejifunika mvua yake,
ulizimwaga nguo zetu sakafuni
chini ya jukwaa, kando ya boila,
ukazichambua kama mchele:
hii ina damu mkononi,
hii inanuka sigara, nitamsema,
hii ya Kieran haina hata jasho,
kashinda benchi mtoto wa watu, kesho nimkaangie yai.

Mimi nilikuwa nimeficha goti.
La kulia. Limeumuka kama andazi.
Nililifunga bendeji chooni, nikavuta soksi juu,
nikameza vidonge viwili kwa chai ya mashine.
Mkataba wangu ulikuwa unaisha Mei,
na huko Bukavu walizijua tarehe zangu kuliko mimi.
Nani amlipe beki anayechechemea?
Basi nikakimbia. Nikacheka.
Owain, tabibu wetu wa viungo, mwenye vidole vya barafu,
aliponibonyeza nikamwambia:
niko mzima kama mpira wa dukani.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.
Mimi niliumbuliwa na mashine ya kufulia.

Bukta tatu, wiki tatu,
tope na nyasi upande wa kushoto tu;
wa kulia mweupe,
kana kwamba haukuwahi kusafiri na timu.
Ulizitandaza mezani kwa kocha, bila neno.
Postlethwaite, mzee ambaye jina lake tu
lilinichukua nusu msimu kulitamka,
alizitazama, akavua miwani, akaivaa tena.

Jumanne akaniondoa kikosini.
Hakutaja goti. Alisema,
"Uwanja wa Jumamosi ni mbovu, Swedi.
Nakutaka mzima, si leo tu."
Nikaipiga ndoo teke.
Kwa mguu gani? Wa kushoto.
Akaitazama ilivyobingiria hadi mlangoni.
"Hata hasira yako," akasema, "inachechemea."

Nilikuchukia, Doreen.
Nilipita mlango wako wiki nzima bila salamu,
nikiisikia mashine ikizunguka, ikizunguka,
nikasema: humo ndimo wanamonifua wanitupe.

Owain alinipeleka hospitali Carlisle kwa gari lake,
kipasha joto kimekufa,
blanketi la mbwa wake mapajani mwangu.
Alingoja saa tano kwenye kiti cha plastiki.
Niliporudi, nimeegemea magongo,
nilikuta karatasi ndani ya kiatu changu:
mwaka mmoja zaidi,
sahihi ya mwenyekiti,
na jina langu limekosewa herufi mbili.
Kocha alikuwa uwanjani akipanga koni.
Hakugeuka.

Nawe ulikuwa umeanika soksi zangu juu ya boila,
safi, jozi kwa jozi,
za mtu ambaye hakuwa amecheza.

Septemba nilirudi. Dakika ya sabini
mpira ulikuwa umeshatoka nje,
hakuna aliyenigusa,
nikajitupa chini upande wa kulia,
nikaburuza goti, paja, nyonga, mbavu
katika tope lote la Cumbria.
Refa alinitazama kama mwendawazimu.
Kieran akacheka hadi akainama.

Ilikuwa barua, Doreen.
Uisome Jumapili.