Nasaba kwa Pumzi Moja

Bi Zuwena hakuja na mashine.
Alikuja na chupa ya maji ya dukani, nusu,
na mrija aliouchomeka kizibuni,
akamwambia mume wangu: puliza, nione mapovu.

Mapovu matatu.
La nne likafia njiani.

Tawi la mkarafuu lilikatika Mtambwe, siku ya Jumaane,
pishi mbili pakachani,
na shingo ikafika chini kabla ya mikono.
Miguu tuliililia. Mikono pia.
Hakuna aliyetuambia kuwa kikohozi nacho kimevunjika,
kwamba mtu aweza kuzama kitandani, hapa Wete,
kwa makohozi yake mwenyewe.

"Kiwambo kinafanya kazi peke yake," alisema Bi Zuwena.
"Mbavu zimelala, tumbo limelala.
Basi wewe, Raya, ndiye tumbo lake."

Mimi.
Kiganja juu ya kitovu, chini ya chembe cha moyo.
Vuta. Bana. Ongeza juu yake. Bana. Ongeza tena,
kama anayeshindilia karafuu guniani.
Haya, sasa! Nami nasukuma ndani na juu,
inatoka sauti isiyo yangu wala yake,
kikohozi cha watu wawili.

Siku ya kwanza nilisukuma kwa haya,
mama mkwe yuko mlangoni.
Siku ya tatu haya sikuiona tena.

Cha kupimia hatuna. Bi Zuwena akasema:
taja jina lako kwa pumzi moja, mpaka ikuishie.
Shaame.
Ikaisha.
Wiki nzima alikuwa Shaame tu, yatima wa pumzi.
Baada ya Maulidi akampata baba: Shaame Faki.
Mvua za vuli, babu: Shaame Faki Hamadi.
Mama mkwe akawa anasubiri kila asubuhi
kusikia marehemu mumewe ametajwa.

Jana usiku homa, kifua kinachemka kama uji mzito.
Nilisukuma hadi alfajiri, mara ngapi sijui,
kitambaa, beseni, vuta, bana, ongeza,
viganja vikaniingia ganzi.
Nikamwambia: na mimi sasa siisikii mikono.
Akacheka. Kicheko kikamkohoza.
Sijapata kufurahi hivyo kwa donge la kijani.

Leo tumeanza upya.
Shaame.
Mama mkwe mlangoni, ungo mkononi.
Shaame Fa

Pumzika, namwambia.
Hawendi popote hao.